Daftari la wageni

Kabla sijawa mgeni wa mtu, nilikuwa mwenyeji kwa miaka mingi. Hospitali niliyosomea udaktari wa usingizi hapa Tanzania ilikuwa ikipokea madaktari wa kujitolea kila mwaka, kutoka Marekani, Uingereza, Norway, Ujerumani. Baadhi yao ndio walionisimamia nikajifunza kuingiza tyubu ya hewa kwenye koo la kichanga, na nikisema sina deni kwao nitakuwa mwongo. Lakini mwenyeji huona mengi ambayo mgeni hayaoni. Huona mashine iliyopokewa kwa picha na hotuba, kisha ikagundulika kwamba inataka umeme wa volti 110 ilhali soketi zetu zinatoa 230, na kwamba bomba lake la oksijeni haliingii kwenye tundu letu la ukutani. Huona stoo inavyojaa. Huona pia dokta wa wiki mbili akifundisha kwa moyo wote jambo ambalo dokta wa wiki mbili zilizotangulia alilikataza kwa moyo wote vilevile.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Malawi kujitolea kufundisha kazi ya usingizi katika hospitali moja ya wilaya, nilijua angalau ni mgeni wa aina gani sitaki kuwa. Niwe wa aina gani, hilo nilikuwa silijui bado.

Niwaeleze kidogo wasioijua kazi yetu. Mgonjwa akisema "walinipiga nusu kaputi" au "walinichoma ganzi ya mgongo", huyo aliyepiga na aliyechoma ndiye mtu wa usingizi. Kumlaza mgonjwa si kazi ngumu sana. Kazi ni kumpitisha salama katikati, pumzi isikatike na presha isianguke, na kumrudisha. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi, WFSA, linashauri nchi iwe na walau madaktari 5 wa fani hii kwa kila watu 100,000. Tanzania hatujafika hata karibu, na Malawi vivyo hivyo. Kwetu usingizi mwingi hutolewa na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Kule hutolewa na matabibu. Daktari bingwa, hasa wilayani, ni wa kutafuta kwa tochi.

Nilikwenda kwa basi, kwa sababu nilitaka kuiona njia. Mbeya, Kasumulu, daraja la mto Songwe, Karonga, halafu ziwa likaanza kunisindikiza upande wa kushoto. Sisi tunaliita Ziwa Nyasa na wenyeji wangu wanaliita Ziwa Malawi. Mpaka wenyewe una mgogoro wa miaka mingi. Kwa adabu ya ugeni, hadithi hiyo sikuigusa.

Kijana aliyetumwa kunipokea stendi ya Blantyre alinipita, akarudi, akanipita tena. Alishika karatasi yenye jina langu huku macho yake yakimtafuta mzungu. Nilipomgusa bega akacheka mpaka akainama, nami nikacheka naye, ila jambo lile lilikuwa na uzito wake. Mwalimu wa kujitolea mwenye rangi kama ya wanafunzi wake hupata faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba hakuna anayenyooka kama askari akiingia chumbani, na kwa hiyo anaonyeshwa mambo yalivyo. Hasara ni kwamba kwa muda fulani watu wanajiuliza huyu ametumwa na nani, analipwa na nani, na kama kweli anajua. "Tanzania mmeshatosha nyinyi?" aliniuliza muuguzi mmoja jioni ile, bila ubaya wowote. Nikamwambia hatujatosha. Akaniangalia kwa namna ya kuuliza: sasa hapa umefuata nini?

Lilikuwa swali zuri, na jibu nililompa lilikuwa la heshima tu. Jibu la kweli ni kwamba nimechoka kuona fani yetu ikifundishwa kana kwamba elimu yake lazima ishuke kwa ndege kutoka kaskazini. Wilaya ile ina mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi kama Tukuyu, na wagonjwa wake wanafika hospitali wamechelewa kama wetu, kwa sababu zilezile. Niliona nina cha kusema.

Asubuhi ya kwanza niliomba kigoda na kona, basi. Mkuu wa kitengo, tabibu wa makamo ambaye kila mtu alimwita Bambo, yaani baba kwa Kichewa, alidhani natania. Wageni wengi, aliniambia baadaye, hufika wakiwa wameshavaa glovu. Nikakaa.

Yule mzee alikuwa na namna yake ya kumwandaa mgonjwa. Anamkuta mama amelala kwenye machela, anamsalimia kwa viganja viwili vilivyokutana, anamwekea mkono kwenye paji la uso, kisha anaanza kumuuliza habari za mahindi. Mvua imewafikia? Mbolea je? Mama anajibu, anacheka, anageuza shingo kumtazama mwenziwe. Ilinichukua wagonjwa kadhaa kutambua kwamba Bambo alikuwa akifanya kazi. Kicheko kilimwonyesha meno yaliyolegea na mdomo unafunguka kiasi gani. Shingo iliyogeuka ilimwonyesha kama tyubu itapita kwa shida. Mama akikata sentensi ili avute pumzi, kifua kimeshajieleza. Niliwahi kufundishwa uchunguzi huohuo kwa majina ya kitaalamu na jedwali la alama, na mgonjwa akifanyiwa vile hujiona yuko kituo cha polisi. Hili la mahindi nililibeba kurudi nalo nyumbani.

Saa chache baadaye umeme ukakatika katikati ya upasuaji wa tumbo.

Mimi nilishituka. Chumba hakikushituka. Muuguzi mmoja aliwasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye kidonda, mpasuaji hakuinua hata kichwa, na mwanafunzi aliyekuwa kwenye mashine alinyoosha mkono akaanza kukamua mvukuto taratibu, macho kwenye kifua cha mgonjwa. Mashine yenyewe ilikuwa ya aina iliyobuniwa na Paul Fenton, Mwingereza aliyefanya kazi ya usingizi kwa miaka mingi katika hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre. Aliibuni kwa hospitali za namna hii hasa. Umeme ukiwepo, inachuja hewa ya chumbani na kutoa oksijeni yake yenyewe, haingoji mtungi. Umeme ukiondoka, mgonjwa anaendelea kuvuta hewa ya kawaida kupitia kichupa cha halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, na usingizi haukatiki. Kinachopungua ni oksijeni, ndiyo maana mkono wa mwanafunzi ulienda kwenye mvukuto bila kuambiwa: halotheni hulegeza pumzi, na mgonjwa aliyeachwa apumue mwenyewe hewa tupu huanza kuishiwa polepole. Oksimita, kipimo cha oksijeni ya damu, ilishuka toka 99 hadi 94, ikatulia hapo. Jenereta lilipowaka, yule kijana aliachia mvukuto akaandika saa kwenye chati.

Nilikuwa nimekuja na mada nzuri, yenye michoro, kuhusu mashine za kisasa za kupumulia. Ilibaki kwenye kompyuta na sikuifungua tena. Sio kwamba elimu ile haina maana. Itawafaa siku mashine hizo zitakapofika zikiwa na fundi na vipuri vyake. Lakini watu wale walikuwa wanaijua halotheni, dawa iliyoingia hospitalini mwaka 1956 na ambayo nchi tajiri zimekwisha kuiacha, kuliko madaktari wengi vijana wanaokuja kuwafundisha. Ukitaka kumwongezea mtu kitu, kwanza ujue ana nini.

Daftari nililiona wakati wa chai. Lilikuwa la dada mmoja mwanafunzi, mtaratibu, mwenye mwandiko wa kupendeza. Kaunta buku lenye jalada gumu, na ndani kurasa zimepigwa mistari ya wima kwa rula. Juu ya kila safu hakuandika jina la mtu bali taifa: Mkanada, Mholanzi, Mwingereza, na wengine. Chini yake, dawa kwa dawa, ameandika kila mgeni alisema nini. Bupivakaini, yaani dawa ya ganzi ya mgongoni, kwa mama anayejifungua kwa upasuaji: Mkanada, mililita 1.5. Mholanzi, 2. Mwingereza, 2.5. Dripu kabla ya ganzi: mmoja anasema lita nzima, mwingine anasema usipoteze muda, iendeshe wakati uleule wa kuchoma. Mbele kabisa kulikuwa na safu mpya, tupu, rula imepita upya. Juu yake: Mtanzania.

"Na wewe, Adokotala," akaniuliza, kalamu tayari mkononi, "unasema ngapi?"

Nilimuuliza yeye huwa anatoa ngapi. Akajibu bila kuona haya: "Inategemea nani yupo."

Hapo ndipo nilipokaa sawasawa. Kwa muda mrefu nimewasikia wenzangu wakilalamika kwamba wageni wanatuchanganya, lakini sikuwahi kuuona mchanganyiko wenyewe umepangwa kwenye jedwali safi namna hii. Na msichana yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa ameona tofauti, akaiandika, akasubiri mtu amweleze. Kila aliyekuja akamwongezea safu.

Nilimwomba anieleze kilichotokea kila walipotumia kipimo cha 1.5. Akasema kina mama walikuwa wakilalamika. Ngozi haiumi, lakini mpasuaji akianza kuvuta kizazi, mama anajikunja, na inabidi aongezewe ketamini, dawa ya kumlaza. "Mkanada alikosea," akahitimisha. Nikamuuliza kama Mkanada alikuwa akichanganya dawa nyingine kwenye sindano ileile. Akafikiri, akafunua ukurasa wa nyuma. Ndiyo, alikuja na fentanili yake, dawa kali ya maumivu. Alipoondoka ikaisha, na hospitali haikuwa na nyingine. Basi 1.5 ya Mkanada ilikuwa sahihi kabisa kwa sindano yenye fentanili, kwa sababu fentanili ndiyo inayozima yale maumivu ya ndani. Fentanili ikaondoka na mwenyewe, namba ikabaki daftarini.

Tukaja kwa Mwingereza. Mililita 2.5 humpa mama ganzi nzuri, ila presha yake huanguka kwa kishindo, na huko alikotoka Mwingereza kuna dawa ya kuipandisha inayotiririka kwa pampu tangu dakika ya kwanza. Hapa pampu hakuna. Kuna adrenalini ya kuchanganya mwenyewe kwenye chupa ya maji, na efedrini miezi mingine ipo, miezi mingine haipo. Mwanafunzi akakumbuka akina mama waliotapika na kukaribia kuzimia mezani, na watoto waliotoka wamelegea. Tukapitia safu zote hivyo, mpaka chai ikapoa. Kila namba ilikuwa na mahali ilipozaliwa na watu iliozoea kuishi nao. Kipimo hakisafiri peke yake. Kinasafiri na dawa nyingine, na mashine, na idadi ya mikono iliyoko chumbani.

Safu yangu sikuijaza. Alinikasirikia kidogo, nadhani, maana alikuwa amepiga rula. Kesho yake tulikaa na Bambo na wanafunzi wote, na badala ya kuongeza safu tukaandika chini ya kila namba: ilifaa kwa sababu gani, na kwetu inakosa nini. Kisha Bambo akawauliza wao hospitali yao itumie ipi. Walibishana kweli, wengine kwa Kichewa, mimi nikiwa nimeachwa nyuma, nikiwaangalia mikono inavyopaa. Wakakubaliana mililita 2 za bupivakaini nzito, pungufu kidogo kwa mama mfupi, adrenalini iwe imeshachanganywa na kuandikwa lebo kabla sindano haijagusa mgongo, na mama akilazwa aegemezwe kushoto ili kizazi kisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Mimi ningeweza kuwaambia hayo yote kwa dakika tatu. Ningekuwa safu nyingine.

Ukutani mwa chumba cha upasuaji palikuwa na karatasi ya Shirika la Afya Duniani, ile orodha ya ukaguzi ya usalama wa upasuaji. Ilikuwa imefifia, na kila mgonjwa alikuwa na nakala yake iliyotikiwa vizuri, kwa kawaida mgonjwa akiwa ameshapelekwa wodini. Sikushangaa. Nimeyaona haya kwetu pia. Karatasi ikitoka mbali, watu huipa heshima ya karatasi.

Nikawaeleza habari ya Ifakara. Orodha ile ilipofanyiwa majaribio kabla ya kusambazwa, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Wakauliza Ifakara ni wapi. Nikawaambia ni mji wa mpunga kwenye bonde la Kilombero. Mvua zikishika, barabara yake ilikuwa ikiwatesa madereva. Matokeo ya miji ile yalichapishwa mwaka 2009: kwa jumla yake, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka 11 hadi 7. Mpasuaji, ambaye muda wote alikuwa akinawa mikono mlangoni na kujifanya hasikilizi, akageuka. "Na huko Ifakara walikuwa na vifaa gani?" Vya kawaida tu, nikasema. Mgonjwa aliyefuata, yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kabla ya kukata na kuuliza kwa sauti huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande gani. Sijui kama wameendelea hivyo. Siku zile nilizokuwepo waliendelea.

Sehemu ngumu kuliko zote kwangu ilikuwa mikono. Mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi mikono yake hukimbia kabla ya akili. Mwanafunzi anatafuta njia ya kuingiza tyubu, ulimi unamzidi, laringoskopu, kile chuma cha kuinulia ulimi, inayumba, na wewe unajua kabisa ukiichukua utamaliza kwa sekunde tano. Ukiichukua, mgonjwa yuko salama na mwanafunzi amejifunza kwamba wewe ni hodari. Lakini wewe unaondoka.

Mgonjwa naye si daftari la mazoezi, wala simwungi mkono mwalimu anayeacha mambo yaharibike ili mwanafunzi "ajionee". Njia niliyoitumia ni ya kukubaliana kabla. Mgonjwa akiwa bado macho, tunapanga mimi na mwanafunzi: utavutisha oksijeni mpaka dakika tatu ziishe kwa saa ya ukutani, utajaribu, namba ya oksimita ikigusa 92 unatoa chuma, unarudisha barakoa, unampa pumzi, na hapo hakuna aibu wala ubishi. Jaribio la pili ni lako pia, ila ubadilishe kitu, mto uongezwe au shingo ipangwe upya. La tatu ni langu. Ukishaipanga hivyo, mikono yangu inakuwa na sheria ya kuishika. Niliifumbata mgongoni. Bambo aliniona, akaniambia nimekaa kama mkaguzi wa shule.

Kwa 92 kufanya kazi lazima isikike. Walikuwa na oksimita ya mkononi ya Lifebox, shirika lililoanzishwa mwaka 2011 kwa ajili hasa ya kupeleka vifaa hivi mahali visipokuwepo. Sauti yake ilikuwa imezimwa. Nilipouliza kwa nini, macho yote yalienda kwa mpasuaji, naye akakiri kwamba mlio ule unamkera. Nikamwomba anivumilie kwa mgonjwa mmoja. Uzuri wa mlio wa oksimita ni kwamba oksijeni ya damu ikishuka, sauti nayo inakuwa nzito zaidi, hatua kwa hatua, hata kama hakuna anayetazama kioo. Katikati ya upasuaji ule sauti ilianza kushuka, mwanafunzi akainua kichwa, akakuta bomba limekunjwa chini ya kitambaa, akalinyoosha, sauti ikapanda. Mpasuaji alikuwa amekwisha kusimamisha kisu chake mwenyewe. Hatukuizungumzia tena, na sauti haikuzimwa.

Usiku mmoja wakaniita. Mwanamke kijana, mimba imetunga nje ya kizazi na imepasuka, tumbo limejaa damu, mapigo ya moyo yanakimbia, mikono ya baridi. Aliyekuwa zamu ni yule dada wa daftari. Katika safu moja ya daftari lake, nakumbuka niliiona, imeandikwa: upasuaji wa chini ya kitovu, ganzi ya mgongo. Niliposimama mlangoni mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye trei ya sindano za mgongo. Ukasimama. Akaangalia uso wa mgonjwa, akaangalia presha.

"Hapana," alisema, bila kunigeukia. "Damu imemwisha. Nikimpiga ganzi ya mgongo mishipa italegea, na hana cha kuijaza. Ketamini."

Aliitoa ketamini kabatini, akasoma kichupa kwa sauti kama Bambo anavyowalazimisha wote, maana dawa hiyo huja kwa nguvu tofauti, miligramu 10, 50, hata 100 kwa mililita, na vichupa vinafanana. Mtaalamu wa maabara alifika na chupa ya damu akiwa bado na kandambili. Kazi yangu usiku ule ilikuwa kukamua dripu kwa mkono na kunyamaza. Mgonjwa alipona. Asubuhi dada alikuja kuniuliza kama alifanya sawa, nikamwambia anieleze yeye kwa nini ilikuwa sawa, akanyanyua macho juu kama mtu aliyechoshwa na mwalimu wake, kisha akaeleza yote, hatua kwa hatua, pamoja na jambo moja ambalo mimi sikulifikiria: kwamba kumkalisha mgonjwa yule wima kwa ajili ya sindano peke yake kungetosha kumzimisha.

Tuliyoyafanya chumbani yalikuwa yakienda vizuri, na pengine ndiyo sababu nilichelewa kutazama ng'ambo ya mlango. Chumba cha kuzindukia kilikuwepo kwenye ramani ya jengo. Ndani yake palihifadhiwa maboksi ya glovu. Mgonjwa akimalizika alisukumwa moja kwa moja wodini. Mchana mmoja niliwafuata. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri alikuwa amelazwa chali, bado usingizini, anakoroma kwa namna ambayo mtu wa kazi yetu akiisikia anakimbia. Ulimi ulikuwa umeangukia kooni. Aliyegundua kwamba kuna jambo si mimi. Ni bibi yake, aliyekuwa akimpepea kwa kitenge na kuita. Kule ndugu wa mgonjwa ndio wanaompikia, kumwogesha na kumlinda, na hospitali zina mabanda ya kuwalaza. Nilimgeuza mtoto ubavu, nikainua taya, mkoromo ukakatika. Bibi akaushika mkono wangu, akautazama ulivyokaa kwenye taya, akauondoa na kuweka wake. Akakaa hivyo mpaka mjukuu akalia.

Nilimwambia Bambo kwamba tunafundisha watu wasio sahihi. Au tuseme, tunafundisha nusu yao. Mgonjwa wa usingizi anaweza kuponea mezani akafia wodini katika saa ya kwanza, mikononi mwa muuguzi ambaye hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kumwita darasani. Katika daftari lote lile hakukuwa na safu ya wodi. Bambo alikaa kimya kwa muda, kisha akasema wauguzi wa wodi hawaji mafunzo kwa sababu hawana nani wa kuwaachia wagonjwa. Kwa hiyo darasa likahamia wodini, wakati wa kupokezana zamu, pale ambapo wa usiku hajaondoka na wa mchana ameshafika. Hatukuwa na ubao wala mada. Walilala kwenye kitanda kitupu kwa zamu, wakageuzana ubavu, wakainuliana mataya, wakacheka sana. Bibi naye alikuja kuangalia, akamsahihisha muuguzi mmoja kidole.

Muuguzi wa usiku, mama mmoja mkimya, alisubiri kicheko kiishe. "Sawa," akasema. "Usiku niko peke yangu na wodi nzima. Huyu nikimshika taya, wale wengine nawaachia nani?"

Sikuwa na jibu la vitabuni, maana vitabu hivyo huandikwa na watu wenye chumba cha kuzindukia na muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa. Tukaanza kupima wodi kwa macho. Kitanda cha aliyetoka kupasuliwa kilikuwa mwisho kabisa, karibu na dirisha, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na hewa nzuri. Meza ya muuguzi ilikuwa mlangoni. Mtu mmoja akauliza kwa nini visibadilishane, na hakuna aliyekuwa na sababu. Bambo na wanafunzi wawili wakakisukuma kitanda wodi nzima, magurudumu yakilia, wagonjwa wakitoa maoni, mpaka kikakaa ubavuni mwa meza, upande wa kichwa ukimwelekea muuguzi, ili akiwa anaandika aweze kusikia mkoromo bila hata kuinuka.

Likabaki tatizo la soketi. Waya wa mashine ya oksijeni haukufika. Fundi wa hospitali alisema atakuja kesho, au keshokutwa, akipata kibali cha kutoboa ukuta. Bambo hakungoja. Alikwenda kwake, nyumba za watumishi ziko nyuma tu ya hospitali, akarudi na ekstensheni ya redio yake, akaichomeka, akakagua mashine inavyopuliza, kisha akamwambia muuguzi mbele yetu sote kwamba ikipotea, dokta Mtanzania ndiye atakayeilipa.